Mayai kumi na tano ya bibi, na mimi niliyeona Mungu anahitaji msaidizi

Hapana mkuu, kwenye hilo nakupinga.

Uliandika kwenye ule uzi wa juzi kwamba sisi tunaosema "namtegemea Mungu" ni wavivu tu, tumekaa kivulini tunasubiri kudondoshewa. Nilitaka kukujibu kule kule, ila jibu likawa refu, halafu limebeba aibu yangu yote, nikaona nilifungulie uzi wake.

Mimi nimemtegemea Mungu wiki tatu mfululizo na sijawahi kuchoka vile. Kupalilia alizeti kuna unafuu. Kwa hiyo uvivu hapana. Kesi yangu ni kinyume kabisa: ningekuwa mvivu, leo bibi yangu angekuwa na vifaranga.

Wakuu, salamu zenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Hii siyo chai. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi kuliko hii niliyonayo.

Niko Kinyangiri, Mkalama, naishi na mama. Nimemaliza form four, matokeo tusiyaongelee. Bibi, mama yake mama, anakaa ng'ambo ya korongo, mwendo wa kama saa moja kwa mguu.

Bibi alikuwa mtu wa kuku. Ukitaka mbegu nzuri ya kuku wa kienyeji ulikuwa unaenda kwake. Mwaka jana ukapita mdondo. Wenye kuku mnaujua, asubuhi una kuku, jioni una manyoya. Akabaki tetea mmoja tu, kahawia, ana kishungi kichwani, na jina lake ni hilo hilo, Kishungi. Huyo ndiye uzao wote wa kuku wa bibi uliobaki duniani.

Kishungi akataga, jogoo wa jirani alishafanya sehemu yake, akaanza kulalia. Wakati huo huo bibi akapata nafasi ya kwenda kutibiwa macho. Alikuwa na ukungu, mtu anamtambua kwa kikohozi. Mama mdogo ameolewa Kilimatinde, akasema mama yake aje huku, tutashughulika na macho, atakaa kwangu mpaka apone.

Sasa Kishungi aachiwe nani?

Huku kwetu kuna utaratibu wa kupewa kuku wa kugawana. Mwenye kuku anakupa tetea, wewe unamtunza, vifaranga vikikua mnagawana nusu kwa nusu. Siyo kwamba unasaidiwa. Ni heshima. Ukipewa, maana yake umeonekana mtu mzima.

Bibi akanipa mimi.

Alikuja mwenyewe Jumatatu na mayai kumi na tano ndani ya bakuli la mtama ili yasigongane. Hakuyaona vizuri, aliyahesabu kwa vidole. Kila moja akalichora mstari wa mkaa, ili kuku wa jirani akija kutagia pale tujue la kuondoa. Akayapanga kwenye chungu kibovu chenye nyasi kavu, kona ya jiko, akamweka Kishungi juu.

Akaniambia maneno matatu tu. Maji yawe karibu. Mtama uwe karibu. "Na wewe uwe mbali."

Mkuu unayesema sisi ni wavivu, hapo ndipo mtihani wangu ulipoanzia. Maji niliweza. Mtama niliweza. Mbali ikanishinda.

Mimi ni mtu wa haraka. Uji nakunywa haujapoa, halafu nalalamika ulimi. Kuambiwa subiri siku ishirini na moja bila kufanya kitu ni kama kufungwa. Siku ya pili nikachungulia. Siku ya tatu nikachungulia mara nne. Siku ya nne nilikuwa namnyanyua Kishungi kwa mkono mmoja, nahesabu kwa mwingine, utadhani kuna mtu anayaiba kwa chini.

Mama akaniuliza, "Huyo kuku anaatamia au anafanya mtihani wa taifa? Mbona unamsimamia?"

Nikamjibu kwamba ninamwombea. Na kweli nilikuwa naomba. Kila nikichungulia naomba. Ila wakuu, ukisikiliza yale maombi, yalikuwa taarifa ya kazi. "Bwana, la upande wa kushoto limepoa kidogo, lishughulikie." "Bwana, leo ameshuka kula amechelewa kurudi, mkumbushe." Yaani Mungu alikuwa kibarua wangu na mimi ndiye msimamizi.

Ikafika Jumapili. Mwinjilisti wetu akahubiri kuhusu mamlaka ya Mungu. Alihubiri vizuri sana, naambiwa, maana mimi nilisikia nusu. Katikati ya mahubiri nikakumbuka sikufunga mlango wa jiko vizuri, nikatoka kwa kuinama kama mtu anayeenda chooni, nikaenda nyumbani kuangalia mayai.

Nusu niliyoisikia ilisema mamlaka yapo. Nusu niliyoikosa, kumbe, ndiyo ilisema ni ya nani.

Nikafika nyumbani nimewaka. Nikawaza, watu wanapaka mafuta milango ya maduka yao, wanapaka pikipiki, wanapaka vyeti. Duka langu ni nini? Mayai. Basi.

Mafuta ya upako sikuwa nayo. Ila hii ni Singida, mafuta ya alizeti hayakosekani ndani. Kulikuwa na chupa ya mama, ya kukamua hapa hapa mtaani, bado ina ule moshi wa mashine. Nikaishika mikono miwili, nikaiombea mwenyewe. Sikumwita mzee wa kanisa wala mtu yeyote. Upako wa kujihudumia.

Nikamsogeza Kishungi pembeni, nikaanza. Yai moja moja, naligeuza, nalipaka mpaka linang'aa, natamka. "Kwa mamlaka niliyopewa, wewe utatoka." Naweka. Lingine. "Na wewe utatoka." Nilijisikia vizuri jamani. Wiki nzima sikuwa na la kufanya, hatimaye nimepata kazi.

Nikafika la kumi na nne. La kumi na tano Kishungi alikuwa amesharudi juu yake. Nikapeleka mkono, akanidonoa. Nikapeleka tena, akanidonoa pale pale, kwenye nyama ya kidole gumba, damu ikatoka.

Nikaliacha. Nikasema hilo litapata upako kwa ujirani.

Jioni mama anataka kuunga mboga. "Mafuta yameenda wapi?"

"Yameingia kwenye kazi ya Mungu, mama."

Akaiangalia chupa. Akaniangalia mimi. "Sawa. Basi Mungu ndiye atakayeunga mlenda leo."

Tulikula mlenda wa chumvi tupu. Nikahesabu hiyo kama mateso kwa ajili ya imani.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu wa amani ya ajabu. Sikuchungulia hata mara moja. Wakuu, hapo nilidhani ndiyo nimejifunza kutegemea. Kumbe nilikuwa naitegemea chupa.

Jumapili ya mwisho kabla ya kutotolewa, wakaita wenye shuhuda. Mguu wangu ulitangulia, kichwa kikafuata.

Nikasimama mbele, nikashukuru kwa vifaranga kumi na tano.

Mzee wa kanisa, ambaye ni mtu wa mifugo na ana hesabu zake, akauliza, "Vimeshatoka, binti?"

"Kwa imani, mzee. Kesho."

"Aa. Kesho." Akakaa.

Lakini akina mama walishapiga vigelegele. Na jirani yetu mmoja, mama mwema sana, kabla hata hajavua nguo za kanisani akampigia bibi Kilimatinde kumpa habari njema. Habari ikafika vizuri, ila lile neno "kwa imani" likabaki njiani. Nadhani network.

Jumatatu asubuhi, siku ya ishirini na moja, simu ya mama inaita. Bibi. Anataka kuongea na mimi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimesikia vimetoka vyote."

Nikaangalia jikoni. Kishungi ametulia. Nikawaza, mpaka jioni vitakuwa vimetoka, kwa hiyo nikisema ndiyo nitakuwa nimewahi tu kidogo.

"Amina, bibi."

Bibi akauliza, "Amina ya ndiyo, au amina ya kanisani?"

Wakuu, bibi yangu hajasoma, ila swali lile lingefaa kuwekwa kwenye mlango wa kila kanisa.

"Ya ndiyo, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia macho yote mawili sasa yanaona. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni mikono yake mwenyewe, akauliza hii ya nani, imezeeka namna hii.

Halafu akasema, "Sikia. Kabla hawajanigusa macho nilimwambia Mungu, ukinirudishia, vifaranga viwili vya kwanza vya Kishungi ni vyako. Vikue kidogo, sikukuu ya mavuno uvipeleke kanisani ukavinadi. Usisahau. Ni ahadi."

Nikasema sitasahau.

Jumatatu jioni, hakuna kitu. Nikalala na sikio liko jikoni.

Jumanne mchana nikasikia sauti. Nikamnyanyua Kishungi. Kifaranga kimoja, kimelowa, kahawia, kimekaa kwenye ganda lake kinashangaa. Nikapiga magoti, nikaimba, nikasubiri vingine kumi na vinne.

Jumatano Kishungi akashuka kwenye chungu na mtoto wake, akaenda kupekua nje. Hakugeuka nyuma. Kuku akishuka vile ameshafunga hesabu.

Nikamnunia Mungu. Nasema ukweli, niliahidi ukweli. Siku nzima sikuomba hata kwa ajili ya chakula. Nilikuwa nazunguka uani nasema kimoyomoyo, nilitamka, nilipaka, nilishuhudia, na wewe umeniacha mbele za watu.

Kesho yake nikamfuata bwana mifugo wa kata. Nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, nikiwa na mayai mawili kwenye kikopo. Nilipofika kwenye mafuta, akaweka kalamu chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Dada, ulikuwa unayaombea au unayakaanga?"

Nikamsogezea kikopo.

Akachukua yai, akalishika kwenye mwanga wa dirisha. "Ganda hili lina vitundu, huvioni kwa macho. Mtoto anapumulia hapo. Wewe umeyaziba yote na mafuta. Umeyaziba pua, dada yangu." Halafu akainama juu ya meza, mabega yanatikisika. Akaomba samahani. Akacheka tena.

Nilirudi nyumbani taratibu sana kwa mtu wa haraka kama mimi.

Nikalichukua ganda la kile kifaranga kimoja. Mstari wa mkaa wa bibi ulikuwa bado upo, mweusi, safi, kama alivyouchora kwa vidole vyake na macho yake mabovu. Kwenye yale kumi na nne, mafuta yalishaufuta.

Yai pekee lililototolewa ni lile ambalo sikufanikiwa kulisaidia.

Nikamweleza mama. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimama. Akasema, "Mungu alishaweka joto kwenye tumbo la kuku. Ulitaka aweke nini tena?" Akaendelea kupepeta.

Mngedhani hapo ningetubu. Subirini.

Nilikuwa nimebakiwa na siku chache bibi arudi, na mimi nikarudi kwenye maombi, ila safari hii ya kuomba njia. Nikaomba Mungu anipe vifaranga kumi na vinne vya kahawia. Ijumaa ilikuwa siku ya mnada. Nikabeba debe langu la alizeti nililovuna mwenyewe, nikaenda nalo kichwani.

Na wakuu, nilivipata. Kuna mama amekaa na tenga, ndani vifaranga vya siku chache, vya kahawia. Nikahesabu, kumi na vinne kamili. Nywele zilinisimama. Nikasema hii siyo bahati, hii ni mkono wake.

Nikamwambia nina alizeti, tubadilishane. Akasema sawa. Akauliza, "Unaenda kufuga?"

"Vingine ni vya Mungu," nikasema. Na hapo sikuwa nadanganya sana, viwili vilikuwa vya ahadi.

Yule mama akakunja uso. Akafunika tenga na kanga yake. "Vya Mungu? Basi ngoja nikwambie, mdogo wangu. Hivi vina mafua. Nilitaka nikuachie hivyo hivyo, ila kama ni vya Mungu siwezi. Una kuku wengine nyumbani?"

"Mmoja. Na mtoto wake."

"Ukiviingiza hivi, hao wawili utawazika."

Nilisimama pale na debe kichwani. Mwanamke yule hanijui, alikuwa ananinyima biashara yake mwenyewe kwa sababu nimetaja jina la Mungu. Mimi nililitaja hilo hilo jina kanisani, kwenye simu, juu ya kila yai, na kila mara nililitumia kama kanga ya kufunikia tenga.

Na vifaranga vile ningevipeleka kwa bibi. Kishungi angekufa. Uzao wote ungeishia mikononi mwangu, na mimi ningekuwa nasema Mungu amefungua njia.

Nikarudi na alizeti yangu. Shingo inauma mpaka sasa.

Ijumaa hiyo hiyo jioni, yaani jana, bibi akafika kutoka Kilimatinde. Hakupitia kwetu, alikuwa amechoka. Ila alituma ujumbe kwa mama: kesho kutwa asubuhi, kabla ya kanisa, nileteeni Kishungi na watoto wake wote, nataka kuwaona kwa macho haya.

Nikamwangalia mama. Mama akasema, "Mimi simo. Ushuhuda ulitoa peke yako."

Sasa ni Jumamosi jioni, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko naandika. Kishungi amelala na mtoto wake, ametandaza mabawa yote mawili kama amefunika darasa zima, kumbe ndani kuna mwanafunzi mmoja.

Mkuu wangu wa mwanzo, nirudi kwako. Unasema kumtegemea Mungu ni kukaa bure. Nimejaribu na nimeshindwa, ndiyo maana nakwambia siyo bure. Kuweka maji, kuweka mtama, halafu uwe mbali na uamini kuna mtu anaendelea na kazi usiyoiona, ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Kupaka mafuta ndiyo ulikuwa uvivu. Kutamka ndiyo ulikuwa uvivu. Nilikuwa nakimbia kusubiri.

Nilikuwa naomba riziki ije, na ilikuwa imeshakuja. Ilikuwa imekalia mayai, ina manyoya, inanidonoa.

Na kuhusu mamlaka, mimi nilijigawia. Sikupewa na mtu. Aliyepewa kazi pale ni kuku, na aliifanya vizuri mpaka mimi nilipomsogeza pembeni.

Bado sijui bibi atasema nini. Nikisema simwogopi nitakuwa narudi kwenye ushuhuda. Akiamua kumchukua Kishungi wake ni haki yake, na mimi nitarudi kuwa mtoto machoni pake, macho ambayo sasa yanaona vizuri kabisa. Hilo ndilo linaniuma kuliko vifaranga. Ile heshima ya kugawana.

Wenye kuku humu, nichekini kwenye comments, nikitaka kumtafutia tetea wa namna hii jogoo mzuri, nieleweshwe nianzie wapi. Wenye imani, msinipe mistari leo, nipeni ya kwenu iliyowashinda. Na wewe mkuu mpinzani, nicheke tu, umenisubiri kwa muda mrefu.

Nimeshaamua ya kesho.

Nitaamka alfajiri. Kishungi nitamweka kwenye tenga na kifaranga chake. Yale mayai kumi na nne nitayabeba kwenye ndoo, pamoja na harufu yake, na lile ganda lenye mstari wa mkaa nitalifunga kwenye leso. Nitavuka korongo.

Nitamwambia kifaranga kiko kimoja, basi hicho ni cha ahadi, tusikigawane. Cha pili nitakitafuta mimi, kizima, kisicho na mafua, kabla ya mavuno. Nikitoka kwake nitaenda kanisani, nitamwomba mzee wa kanisa nafasi ile ile niliyosimama, na safari hii akiuliza vimetoka vingapi nitamjibu namba.

Nikifika mlangoni kwa bibi najua nitakavyotaka kufanya. Nitataka kusimama nje kwanza, niombe kidogo, nimwelekeze Mungu namna ya kuulainisha moyo wa yule mama mzee.

Sitaomba. Nitaweka ndoo chini, nitapiga hodi.